Michongoma Ilitangulia Ramani

Hati miliki ya shamba la baba yangu kule Vihiga inasema shamba lina ukubwa wa "takriban" hekta 0.62. Takriban hiyo haikutokana na uzembe wa karani. Imo katika hati nyingi sana za Magharibi na Nyanza, huku kwetu Kenya. Serikali, pamoja na muhuri na saini yake, inakwambia waziwazi kwamba shamba lako ni kama kiasi hiki hivi. Sababu ni hadithi ya wazee, ndege ya kupiga picha na michongoma, ile mimea ya miiba ya kupandia ua, na kwa vile watoto wao hatukusimuliwa, kila Disemba tunarudi nyumbani kugombana.

Krismasi iliyopita kijana mmoja wa pale kijijini alisimama katikati ya boma la jirani yake, simu mkononi, akatangaza kuwa mpaka halisi unapita ndani ya zizi la ng'ombe la mwenzake. Alikuwa amepiga picha nakala ya ramani ya usajili, akailaza juu ya picha ya setilaiti. Mistari iliafikiana na ua hapa, ikakataana nao pale. Palipokataana, yeye aliamua kwamba waliokosea ni wale walioishi pale miaka yote. Mzee mwenye zizi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Sasa mjukuu wangu, hao waliochora hiyo karatasi, unafikiri walichungulia wapi?" Watu wakacheka, kijana akakasirika, na mimi nikaona afadhali niandike haya kabla Disemba nyingine haijafika.

Jibu la swali la mzee ni kwamba walichungulia ua wake.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton, ulioitwa kwa jina la afisa wa kilimo aliyeuandika. Nia ilikuwa Mwafrika apewe kipande chake mwenyewe chenye hati, kitolewe kwenye ardhi ya ukoo, naye apande mazao ya kuuza. Kazi ilianza kwa nguvu Mkoa wa Kati wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, ikaendelea baada ya uhuru chini ya sheria ya usajili ya 1963 na ile ya 1968 ya kuamua nani ana haki juu ya kipande gani. Vipande vilikuwa vingi kupita kiasi na wapima ardhi wachache. Kupima kila kona kwa theodoliti, chombo cha kupimia pembe, na kuzika chuma na saruji kungechukua vizazi.

Basi wakatafuta njia ya mkato, na kusema kweli ilikuwa ya busara. Majirani waliitwa mbele ya kamati ya wazee, wakatembea pamoja kwenye mpaka wao, wakakubaliana. Kisha wakaambiwa wapande ua juu ya mstari waliokubaliana, wauache ukue hadi ndege ikipita juu iuone. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikuzwa hadi kipimo cha 1:2,500, mafundi wakafuatisha kwa kalamu mistari ya ua iliyoonekana, wakaandika namba ya kila kipande. Mahali ambapo ua ulikuwa bado mchanga, au ulikuwa haujapandwa kabisa, walichora kwa kufuata alama walizoonyeshwa ardhini. Ilikusudiwa ndege irudi ua ukishakomaa ili ramani zisahihishwe. Mahali pengi haikurudi.

Baba anakumbuka upandaji huo. Mbegu za mchongoma ziligawanywa, kila mtu akaambiwa amalize upande wake kabla ya mvua kukatika, na wale waliosuasua walipata barua kutoka kwa chifu. Tunda la mchongoma ni chachu la kukunja uso, lakini mwiba wake ni mrefu na hausamehe. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukitumwa kuufyeka Januari, na kila mwaka lazima mtu mmoja arudi nyumbani akichechemea. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ngoma, nadhani nao waliwahi kutumwa Januari.

Turudi kwa kijana na simu yake, maana hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila mwenye hati aifanye mwenyewe. Katika ramani ya 1:2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Wino wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25. Yaani mstari peke yake, kabla hatujazungumzia kosa lolote la fundi, ni mpana kuliko njia ya kupitisha baiskeli. Ongeza kwamba picha nyingi zilikuzwa tu, hazikusawazishwa kulingana na miinuko, kwa hiyo mlima na bonde vilivutana. Vihiga, jamani, ni mawe na vilima vitupu. Hakuna mahali bapa pa kuanikia mahindi. Halafu ongeza simu: GPS ya simu ya kawaida, mahali pa wazi, inaweza kukosea mita tano hivi, na chini ya miti zaidi. Weka makosa hayo matatu pamoja, kisha uniambie zizi la mzee liko upande gani.

Wengine hunijibu kwamba siku hizi kuna mitambo inayopima hadi sentimita. Ni kweli ipo, na ni mizuri. Lakini mtambo wa sentimita ukipewa namba zilizosomwa kwenye mstari wenye unene wa mita moja, utakupeleka kwa usahihi mkubwa hadi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukubaliana napo. Nimeshuhudia vigingi vipya vya aina hiyo vikipigwa ndani ya ndizi za mtu, na fundi akisisitiza kuwa mashine haidanganyi. Mashine ni ya kweli. Shida ni kule zilikotoka namba alizoilisha.

Sheria yenyewe inalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba isipokuwa pale ambapo mpaka umeandikwa rasmi kuwa umepimwa na kuthibitishwa, ramani inaonyesha mipaka ya kukadiria tu. Utaratibu huu tuliurithi kutoka Uingereza. Huko walijaribu mwaka 1862 kulazimisha kila mpaka upimwe sawasawa kabla ya kusajiliwa, wakaona usajili umekwama kwa ugomvi na gharama, na kufikia 1875 wakageuza: ramani ionyeshe mahali kipande kilipo, na mpaka kamili ujulikane kwa ua, ukuta au mtaro uliopo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa tayari na ramani nzuri za nchi nzima. Sisi tulikuwa na picha za ndege na michongoma ya futi tatu.

Kwa hiyo, kwetu kule, mtu anayeng'oa ua wa zamani anaondoa ushahidi ambao ramani iliunakili, tena iliunakili vibaya. Anabakia na nakala. Ndiyo maana huwa napandwa na hasira nikiona ndugu wawili wamechukua mashine ya kukata miti, wakafyeka ua wa babu yao wote kwa siku moja "ili wajenge ukuta wa kisasa", kisha asubuhi wakaanza kuulizana kamba ipite wapi.

Nakuru, huku niliko, ni habari nyingine kabisa, na watu wa kwetu wanaohamia huku huja na akili ya ua wakaingia shimoni. Mashamba ya huku yalikuwa ya walowezi, ndani ya zile nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Mashamba hayo makubwa yalipimwa kwa minyororo na pembe, kona zikapewa namba zilizohesabiwa, bikoni, yaani alama za chuma na saruji, zikazikwa. Bikoni ya namna hiyo ikipotea, mpima ardhi mwenye leseni anaweza kurudisha nyingine palepale kwa kutumia vipimo vilivyohifadhiwa. Baada ya uhuru, na hasa miaka ya 1970, makampuni na vyama vya ushirika viliyanunua mashamba hayo kwa pesa za wanachama, kisha vikayakata. Mwanachama alikuwa na cheti cha hisa, akaokota karatasi ya kura yenye namba, akaenda kutafuta kipande chenye namba hiyo. Matokeo yake ni kwamba mpaka wa nje wa shamba unajulikana vilivyo, na ndani mistari mingi ilichorwa mezani na kupigwa vigingi vya mbao ambavyo mchwa walivimaliza kitambo.

Ndani ya vipande hivyo ndipo tunaponunua ploti zetu za hamsini kwa mia. Wauzaji huiita thumni ya eka, yaani sehemu moja ya nane. Si thumni. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464 na kidogo. Thumni ya eka ni kama 506. Kwenye hati utakuta hekta 0.045 au karibu na hapo. Hakuna aliyekuibia, ni mazoea ya kuita tu, ila ukipiga hesabu ya nyumba, tangi la maji na choo, mita hizo arobaini na ushee utazitafuta.

Siku ya kununua unaonyeshwa bikoni. Muuzaji anakuja na kijana mmoja mwenye jembe, wanatembea kwa uhakika wa watu waliofanya hivyo tangu asubuhi, wanaelekeza kidole: ile pale, hii hapa, nyingine iko kwenye ule mti, ya nne imefunikwa na nyasi. Mimi nilikwenda na mpima ardhi niliyemlipa mwenyewe. Hakutazama kidole. Alitoa nakala ya ramani, akaanza kutoka kona ya barabara iliyokuwa mbali na ploti tuliyoijia, akapima kuja upande wetu ploti baada ya ploti, akiandika kwenye daftari bila kuongea. Alipofika kwenye majani ya ng'ombe alipiga magoti, akachoma ardhi kwa kipande cha nondo, hapa, pale, pembeni kidogo, hadi nondo ikalia. Akafukua kwa ncha ya panga. Udongo wa Nakuru ni mwepesi kama majivu, kwa kweli mwingi wake ni majivu ya volkano, unatoka bila taabu. Chini ya kina cha kiganja kulikuwa na bonge la saruji lililopasuka upande mmoja, na katikati yake ncha ya chuma, kutu tupu, nene kama kidole. Alipuliza vumbi, akapima tena kutoka huko, akatikisa kichwa kukubali. Bikoni ya pili tuliipata. Ya tatu ilikuwa shimo tu: saruji ilikuwa imevunjwa na chuma kimeondoka, bila shaka kwa kilo, kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Ya nne, ile "iliyofunikwa na nyasi", ilikuwa jiwe la kawaida lililopakwa chokaa.

Muuzaji alisema chokaa ni ya watoto. Huenda.

Ninachotaka mnunuzi ajue ni kwamba utafutaji wa hati kwenye ofisi ya ardhi, au ule wa mtandaoni, unakujulisha mwenye kipande ni nani na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Haukuonyeshi kipande kilipo. Unaweza kuwa na hati safi kabisa na ukajenga kwenye ploti ya mtu mwingine, iliyo safi vilevile. Malipo ya mpima ardhi wa kuthibitisha bikoni ni kidogo ukilinganisha na bei ya ploti, lakini watu wanaotoa mamia ya maelfu bila kupepesa jicho huanza kulia wakifika hapo.

Na kuna mipaka ambayo hata bikoni haiwezi kuiokoa. Maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Yalilimeza lango kuu la zamani la mbuga, yakafika kwenye nyumba za watu upande wa Mwariki. Mwaka 2020 Ziwa Victoria nalo lilipanda, ufuo wa Dunga pale Kisumu ukaingia maji na watu wa Nyando na Budalang'i wakahama. Hati za ploti zilizozama zipo, namba zipo, bikoni bila shaka ziko palepale zilipozikwa, samaki wanapita juu yake. Jirani yako wa mashariki ni ziwa, na huwezi kumwita mbele ya chifu.

Shemeji yangu anatoka Seme, kwa Waluo wa Kisumu, na kwao nimeona ua wa aina ambayo Vihiga si wa kawaida: ojuok, ule mmea usio na majani ya maana, vijiti vya kijani vya mviringo vilivyosongamana. Mwaka mmoja nilishika panga nimsaidie kuusawazisha, akaninyang'anya mbio. "Shem, hiyo haikatwi ukiangalia juu." Ukikata kijiti, maziwa meupe yanadondoka na kuruka, na yakiingia jichoni yanachoma hadi mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Hukatwa kwa mkono ulionyooshwa, uso umegeuzwa, upepo ukiwa mgongoni. Mbuzi hawauli, moto haushiki upesi, ukichomeka kijiti ardhini kinaota. Sijui mpima ardhi gani angebuni bikoni bora kuliko hiyo. Ikivunjwa inajitibu, na anayeisogeza usiku hurudi na macho mekundu.

Kwao pia alinieleza jinsi boma jipya linavyowekwa. Mwana akitoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma, baba hutangulia alfajiri, jogoo, shoka na moto vikibebwa, na pale jogoo na shoka vitakapowekwa ndipo nyumba itasimama na lango litakabili upande unaotakiwa. Mashahidi wapo tangu siku ya kwanza. Huko Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16, zimesimama hadi UNESCO ikaziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Hizo zilikuwa za kuzuia maadui na wanyama, si za kutenganisha ndugu, lakini ukisimama pale unaelewa kwa nini watu wa upande huu huamini kitu wanachokiona kuliko namba.

Vihiga tunayo lusiola, mti ambao Waluo huuita siala, wenye maua ya manjano na shina lililonyooka la kujengea. Ukiuona umesimama peke yake katikati ya mahindi ujue hapo palikuwa na mpaka wa mtu. Tunayo makonge. Na tuna makaburi, ambayo mbele ya wazee huwa na uzito kuliko karatasi yoyote, maana hakuna anayemzika mama yake kwa jirani.

Konge ndilo linaloibiwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu linatembea. Anayetaka kula mpaka haamki siku moja akalihamisha. Analima. Msimu huu jembe linakaribia shina kwa mfuo mmoja, msimu ujao linapitia nyuma yake, mizizi ya upande mmoja inakatika, konge linalala, mtoto wa pembeni anachipuka upande wa pili, na huyo ndiye anayeachwa akue. Miaka kumi baadaye mpaka umesogea hatua mbili na hakuna aliyetenda kosa la kuonekana. Kule Trans Nzoia na Bungoma, ambako trekta hulima, huchukua muda mfupi zaidi, kwa kuwa dereva hana habari na ukoo wa mtu. Kifungu cha 20 cha sheria ileile kinamtaka kila mwenye shamba atunze ua, mawe na bikoni za mpaka wake, na cha 21 kinafanya kuviharibu au kuving'oa kuwa jinai, kwa faini au kifungo. Sijasikia mtu wa kijijini kwetu akifungwa kwa ajili ya konge. Nimesikia wengi wakikatana mapanga kwa ajili yake.

Wakishakatana, au kabla kidogo, wanakimbilia mahakamani, na hapo wanashangaa. Sheria inakataza mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa kukadiria kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa na msajili wa ardhi. Kesi nyingi zimetupwa nje kwa sababu hiyo moja, baada ya watu kuuza ng'ombe kumlipa wakili. Njia ni kuandika ombi kwa msajili, ambaye huwaita majirani wote wanaopakana, akaja na mpima ardhi wa serikali siku iliyotajwa, akasikiliza wazee, akatazama ramani, ua, mashina ya zamani na makaburi, kisha akaamua na kuweka alama. Huchukua muda, siku hubadilishwa, na kuna mafuta ya gari ambayo mtu lazima ayatoe. Bado ni nafuu.

Yule kijana wa Krismasi ndiyo kwanza ameshauriwa hivyo. Ombi lake liko kwa msajili, mzee wa zizi amepelekewa taarifa, na wote wawili wameambiwa wasiguse michongoma hadi siku itakapotajwa. Januari imepita bila ua kufyekwa, umepanda hadi dirishani, na kuku wa pande zote mbili wamehamia ndani yake kutagia.